Kusawazisha Kupi?



Ninayo mezani stakabadhi ya gereji. Ni karatasi iliyochanwa kutoka daftari la hesabu, imepigwa muhuri wa zambarau, na ina mistari mitatu. Mstari wa kwanza wasema: "Kusawazisha mbele." Wa pili: "Kusawazisha matairi manne." Wa tatu hauna bei. Umetanguliwa na neno ambalo sikuwahi kuliona katika stakabadhi ya fundi magari maishani mwangu, neno "Tanbihi", kisha ukafuata ushauri huu: "Kulinganisha kufanyike kwingine."

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34. Niliisoma karatasi hiyo nikaielewa yote kimakosa, isipokuwa muhuri. Kosa hilo nusura linitupe bondeni Kitonga, mimi na magunia manane ya vitunguu. Naomba mnivumilie basi ikiwa leo siongelei vina wala bahari za ushairi, bali springi na matairi. Nitafika kwenye lugha, maana ndiko ajali ilikoanzia.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya milango minne, ya umbo lile ambalo huku kwetu sote twaliita Vigo. Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa fedha za kiinua mgongo. (Sijui ni nani aliyetutungia neno hilo, kiinua mgongo, lakini kila nikilitamka namwonea wivu.) Kazi yake ni kuchukua vitunguu Ruaha Mbuyuni, kupanda navyo mlima Kitonga, kupita Ilula na kuvifikisha sokoni Iringa. Si gari la fahari. Lakini mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye huliendesha mimi nikiwa nimechoka, alikuwa na malalamiko nalo tangu siku ya kwanza.

"Mjomba," aliniambia, "gari lako linaangalia chini. Utadhani limefiwa."

Alikuwa anasema kweli. Pikapu isiyo na mzigo, ukiitazama ubavuni, mbele imeinama na nyuma imeinuka. Hilo si kasoro. Nyuma imebebwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na vyuma hivyo vimefanywa vigumu kwa kusudi la kupokea mzigo. Pasipo mzigo hubaki vimejikunja kwa juu na kuliinua bodi. Pakia kilo 800, nyuma itashuka, na gari litalala sawasawa kama meza. Aliyelibuni alilichora akiliwazia likiwa kazini. Sisi tunaolitazama likiwa limeegeshwa mbele ya baa au kanisani ndio tunaoliona limeinama.

Wazee wetu wa mwambao wangelielewa jambo hili bila kuelezwa. Jahazi lina omo na lina tezi, na nahodha hakung'oa nanga mpaka amejua chombo chake kimelalaje majini: kimezama omo, au kimezama tezi, au kimekaa. Chombo kitupu kilitiwa farumi, mawe au mchanga tumboni, kisije kikapinduka. Shehena ikiingia, farumi hupunguzwa. Chombo cha mzigo hakikuhukumiwa kwa sura yake kikiwa kitupu. Haya yote yamo katika lugha yetu, tena kwa maneno mafupi kuliko nilivyoyaeleza hapa.

Lakini nami nina udhaifu wangu. Jirani yangu mmoja alikuwa na pikapu iliyoinuliwa, yenye matairi mapana, na watoto wa mtaa walikuwa wakiikimbilia kuishangaa. Nikasema moyoni, mstaafu naye ana haki ya kushangaliwa kidogo. Nikampa mpwa wangu fedha na ruhusa.

Gereji aliyoichagua ni ya kijana niliyewahi kumfundisha. Nilifurahi kusikia hivyo. Kazi ilifanyika nikiwa Dodoma kwa msiba, kwa hiyo mengi niliyapata kwa simu.

Kilichofanyika ni hiki. Kwa mbele, kila gurudumu la pikapu hii limebebwa na springi ya kusokotwa iliyovikwa juu ya shokapu, na kifurushi hicho kimesimama juu ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Fundi alipachika kipande cha chuma cha duara, wenyewe wanakiita spesa, kati ya kichwa cha kifurushi hicho na chasisi. Unene wake milimita 25. Mtu angedhani basi gari litapanda milimita 25. La. Springi imesimama karibu na katikati ya ule mkono, wala si mwishoni penye gurudumu. Fungua mlango wa nyumba yako kwa kuusukuma karibu na bawaba: kidole chako husogea inchi moja, na ukingo wa mlango unasogea mbili au zaidi. Ndivyo ilivyo na spesa. Milimita 25 za chuma ziliinua pua ya gari kwa takriban milimita 50.

Kisha matairi. Yale ya awali yaliandikwa 265/65R17. Naomba wasiojua wasiione hiyo kuwa namba ya siri. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, nacho hakikutajwa kwa milimita bali kwa asilimia ya ule upana: asilimia 65 ya 265. Herufi R yaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyolazwa. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu, na hapo, kwa sababu wanazozijua wenyewe, wanaacha milimita na kurudi kwenye inchi. Piga hesabu: kipenyo cha tairi zima ni kama milimita 776. Mpwa wangu alifunga 285/70R17. Piga tena: milimita 831. Ongezeko ni asilimia 7.

Asilimia 7 ni ndogo kwenye karatasi ya mtihani. Barabarani ni jambo jingine. Kipimo cha mwendo kwenye gari hakipimi barabara, kinahesabu mizunguko. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko unameza ardhi zaidi, na kipimo hakina habari. Dereva anasoma 80, gari linakwenda karibu 86. Anasoma 50 kijijini, tochi ya askari inasoma kati ya 53 na 54, na tochi hiyo haisikilizi hesabu za milimita. Injini nayo inahisi kana kwamba gia zote zimerefushwa, ikifika mlimani inahema. Breki zinashika gurudumu lenye mkono mrefu zaidi wa kuzikaidi. Hakuna hata moja katika hayo lililo siri kwa fundi mzuri. Nilikuja kuyajua baadaye, kwa sababu nilimwuliza baadaye.

Sasa tuje kwenye simu. Nilikuwa nimesikia, sikumbuki wapi, kwamba ukiinua mbele ya gari ni lazima pembe za magurudumu zirekebishwe upya, kwani mikono inayoyashika huwa imebadili mlalo wake, na magurudumu hayatazami tena njia moja. Kwa hiyo nikampigia mpwa wangu.

"Baada ya kuinua, mmesawazisha?"

"Tumesawazisha, Mjomba. Tena yote manne."

Nikaridhika. Niliporudi Iringa nikapewa stakabadhi, nikaisoma. Kusawazisha mbele: hiyo nikaitafsiri kuwa ndiyo kazi ya kurekebisha pembe za magurudumu ya mbele. Kusawazisha matairi manne: nikadhani ni hiyo hiyo kwa magurudumu yote, nikashangaa kidogo kwa nini nimelipishwa mara mbili. Kulinganisha kufanyike kwingine: hapo nilicheka kwa furaha. Nilidhani mwanafunzi wangu ananishauri nikalinganishe bei katika gereji nyingine nijionee kwamba hakunipunja. Nikawaambia wenzangu kijiweni, mwaona matunda ya malezi? Fundi anayemwambia mteja akalinganishe bei!

Wiki iliyofuata nilikwenda Ruaha Mbuyuni.

Kushuka nikiwa mtupu sikuona mengi, ila usukani ulikuwa mwepesi na baada ya kona haukurudi wenyewe katikati kama zamani. Nililaumu uzee wangu. Nilipakia magunia manane, jua likiwa linazama. Nyuma ikashuka, kama ilivyoumbwa kushuka. Lakini mbele ilikuwa imekwisha kuinuliwa, na kwa hiyo gari halikulala sawa kama meza. Lilikalia tezi, omo ikaelekea mbinguni.

Taa ndizo zilizoanza kunisema. Pua ikiinuka milimita 50 kwenye gari lenye urefu wa mita tatu hivi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, mwanga unaoanguka mita 50 mbele huwa umepanda sentimita 80 juu ya pale ulipokusudiwa. Na hapo bado hatujauhesabu mzigo. Niliwasha taa za chini, nazo zikamulika matawi. Kila lori lililoshuka lilinipigia taa kwa hasira, na mimi, kwa kutojua, niliwajibu kwa hasira. Wanaoijua Kitonga wanajua kuna ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na malori yanashuka yakinuka breki. Katika kona moja ya kulia nilizungusha usukani, gari likachelewa kutii. Magurudumu ya mbele yalikuwa mepesi kwa sababu uzito wote ulikuwa nyuma, na hayakuwa yakitazama upande mmoja. Nilizungusha zaidi. Hapo nikasikia mlio wa tairi likisugua madigadi, mlio kama wa gunia zito linaloburutwa sakafuni, na gari likaenda nje, nje, mpaka gurudumu la kushoto likakanyaga kokoto za ukingoni.

Lilisimama. Nilikaa nimeshika usukani kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Dereva mmoja wa lori alisimama, akashuka, akanisalimu vizuri kwa kuona mvi zangu, akachuchumaa kutazama magurudumu kwa tochi ya simu. Alisema sentensi moja: "Mzee, hizi tairi zinagombana." Tairi moja lilikuwa limelika ukingo mmoja, jipya hivyo hivyo, kama limepigwa tupa.

Asubuhi yake nilikwenda gerejini na karatasi yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu nisomee mwandiko wako."

Akausoma. Kisha akaueleza, na ndipo mambo yakadhihirika. "Kusawazisha mbele" ilikuwa ile kazi ya kuinua pua ili gari lilale sawa. "Kusawazisha matairi manne" ilikuwa kuyazungusha kwenye mashine na kugonga vipande vidogo vya risasi kwenye rimu, ili gurudumu lisitetemeke likishika kasi. Na "kulinganisha", bwana mwalimu, ilikuwa ndiyo ile kazi ya pembe. Hana mashine yake. Alikuwa ananiagiza nikaifanyie kwingine kabla ya safari, na aliona jambo lenyewe ni zito hata akaliandikia tanbihi.

"Wewe na wenzako hapa gerejini huziitaje kazi hizi?" nikamwuliza.

"Hii ya risasi ni balansi. Ile ya pembe ni alaimenti. Hii ya kuinua, wengine wanasema kunyanyua, sisi hapa twasema kuinua kichwa."

"Kwa nini basi hukuandika balansi na alaimenti?"

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, bila ubaya wowote: "Mwalimu, wewe ndiye uliyetukataza."

Akanikumbusha insha ya kidato cha pili, "Kazi Niipendayo". Aliandika juu ya gereji ya baba yake mdogo, alikokuwa akishinda siku za likizo. Aliandika springi, bushi, boljointi, tairodi, balansi. Nilizungushia yote wino mwekundu. Nilimpa 9 kwa 20, na pembeni nikaandika kwamba Kiswahili kina utajiri wa kutosha, hakihitaji kuombaomba. Mimi sikumbuki insha hiyo hata kidogo. Yeye anakumbuka mpaka alama. Na aliponiandikia stakabadhi, miaka mingi baadaye, kwa heshima yangu alitafuta maneno safi, akalipata moja, akalitumia mara mbili, na la tatu akaliazima kutoka kwenye biashara.

Basi hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Nataka kusema jambo ambalo baadhi ya wenzangu katika ukumbi huu hawatalipenda, nami mwenyewe miaka 20 iliyopita nisingelipenda.

Tumezoea kupima uzima wa lugha kwa asili ya maneno yake. Tukikuta neno lenye harufu ya Kiingereza, twalifukuza na kuweka lenye harufu ya Kibantu au ya Kiarabu (cha Kiarabu, sijui kwa nini, hatukioni kuwa ugeni), kisha twaondoka tukiwa tumeridhika. Hatuulizi kama neno tuliloliweka linatenganisha kile kilichotenganishwa na lile tulilolifukuza. "Kusawazisha" ni neno zuri. Lina sauti nzuri, mizani tano, linaingia katika ubeti bila kusukumwa. Lakini gerejini kuna kazi tatu zenye vyombo vitatu, zenye hatari tatu tofauti. Uzito wa gurudumu lenyewe uenee sawa pande zote: hiyo moja. Magurudumu yatazame njia moja kwa pembe zinazotakiwa: hiyo ya pili. Bodi lilale sawa, mbele na nyuma: hiyo ya tatu. Ukiyaita yote kusawazisha umepata usafi, umepoteza maana. Anayelipia upotevu huo si aliyelitunga neno.

Nitajibiwa kwamba wanaisimu wanaweza kukaa na kutunga istilahi tatu nzuri. Wanaweza. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na kazi ya istilahi imefanyika kwa bidii tangu enzi hizo. Nimefundisha kwa istilahi hizo na kuzipenda nyingi. Lakini istilahi inayozaliwa mezani hubidi itafute watu wa kuisema, ilhali balansi na alaimenti zinao watu tayari. Fundi wa Iringa, dereva wa lori atokaye Tunduma na kijana anayeziba pancha chini ya mwembe wote wanaelewana kwazo, na hakuna kati yao aliyewahi kutumbukia bondeni kwa kuchanganya moja na nyingine. Neno lililokwisha kuaminiwa na watu ambao uhai wao unalitegemea, mimi ni nani nilizungushie wino mwekundu? Tairi lenyewe ni neno la kuja. Breki ni la kuja. Hakuna mshairi anayeona haya kuandika breki.

Wala sisemi tuache milango wazi kila mgeni aingie. Lile neno la tatu, la kuinua, ndilo mfano wangu wa upande wa pili. Hapo mafundi hawakuazima. Wamesema kuinua kichwa, nalo ni neno letu kabisa. Gari lina kichwa, limeinama, linainuliwa. Mpwa wangu alipolalamika kwamba gari limefiwa alikuwa ndani ya taswira hiyo hiyo. Na kama kichwa hakimtoshi mtu, tuna omo na tezi. Usukani ulihama zamani kutoka nyuma ya jahazi ukaingia ndani ya gari, na hakuna aliyeulalamikia; rubani naye alihama kutoka baharini akapanda ndege. Kwa nini omo isihamie kwenye pikapu? Gari lililoinuliwa mbele na kupakiwa vitunguu limezama tezi. Ningelikuwa na sentensi hiyo kichwani siku ile, ningelijua ninachokiendesha.

Waashi nao wana pimamaji na timazi, vyombo viwili kwa sababu kulala sawa na kusimama wima ni mambo mawili. Hawakuridhika na neno moja la "sawa". Yaani lugha yetu inajua kutenganisha, pale wenye kazi wanapoachiwa waitenganishe.

Na washairi? Hapa nitawaudhi zaidi. Washairi wetu wa kale waliimba vyombo vya bahari, nao walivijua: mlingoti, foromali, tanga, ngama, kila kamba na kila ubao. Ukisoma tungo zao unaweza kufundishwa jahazi. Sisi tunapanda magari kila siku, na katika mashairi yetu ya leo gari lina vitu vitatu tu: usukani, mwendo na ajali. Hatujui kinacholibeba. Nimehukumu mashindano kadhaa ya utunzi, nimekutana na magari mengi yaendayo kasi na kupinduka kwa vina vizuri, sijakutana na springi hata moja. Lipo shairi ndani ya kile chuma bapa kilichojikunja kikisubiri mzigo wake, lakini wa kulitunga hapiti gerejini, na anayeshinda gerejini alipewa 9 kwa 20.

Kuhusu pikapu yenyewe, maana najua wapo watakaouliza. Spesa nimezitoa. Rai yangu ni kwamba gari la mzigo liachwe liiname. Likipakiwa litajinyoosha lenyewe. Mwenye gari asiyebeba kitu ila nafsi yake, akitaka kuinua kichwa ainue kidogo, na siku hiyo hiyo afanye alaimenti, arekebishe taa, aageuze usukani mpaka mwisho pande zote mbili kuona kama tairi linagusa, na atazame mipira ya breki isiwe imevutika gurudumu likining'inia. Pia autazame mpira unaofunika kiungo cha shafti ya mbele, kwani shafti ikilala kwa pembe kali mpira ule huchanika mapema na grisi yote humwagika. Matairi makubwa nimeyauza kwa hasara, nikafunga 265/70R17, ambayo yamezidi ya awali kwa asilimia 3 na nusu kasoro kidogo. Hayagusi madigadi. Mpwa wangu asema gari limefiwa tena, ila safari hii ni msiba wa mbali.

Na fundi wangu amenunua daftari jipya la stakabadhi. Nilikaa naye jioni mbili tukaandika orodha, yeye akitaja kazi, mimi nikiandika tahajia. Balansi. Alaimenti. Kuinua kichwa. Bushi. Boljointi. Jioni ya tatu alinipigia simu akiwa kwenye kazi. Alaimenti, akasema, ina pembe tatu ndani yake: moja ni ya gurudumu kuegemea ndani au nje ukilitazama kwa mbele, moja ni ya magurudumu mawili kutazamana au kupeana kisogo, moja ni ya ule mhimili ambao gurudumu hukatia kona juu yake, ukiegemea nyuma kidogo ndipo usukani hurudi wenyewe. Gerejini wanazo ishara za mikono kwa zote tatu, lakini maneno hawana. Aliniuliza aandike nini.

Ya pili nimempa: kupeana kisogo. Alicheka, akaikubali. Mbili zilizobaki nazileta kwenu, hasa ninyi wa Tanga, Mombasa na Unguja mnaoishi karibu na waunda majahazi. Mlingoti unapoegemea mbele au nyuma, wao husemaje?